Pango

Karani alinipigia Jumanne, saa ya chakula.
"Thrasivoulos Karavelas, mstari wa kumi na nne, kaburi la tisa.
Muda wake unakwisha mwezi huu."
Nikasema muda wake ulikwisha miaka mitatu iliyopita.
Hakucheka. Labda huambiwa hivyo kila siku.

Hapa Pireo ardhi haimmezi mtu.
Humwazima kitanda kwa miaka mitatu, kisha humdai.
Baba, fundi viatu, mpangaji tangu utotoni,
aliyemkwepa mwenye nyumba kila tarehe mosi
kwa kupitia mlango wa jikoni,
ameshuka chini ya udongo akakuta pango,
na pango linalipiwa pango.

Ofisini kanuni zimebandikwa ukutani, karatasi imepauka kwa jua:
maua ya plastiki marufuku,
taa za mafuta zizimwe siku za upepo,
mwaka wa nne una bei yake, wa tano bei yake,
wa sita sikuusoma.
Mifupa ikishatolewa huoshwa, hutiwa kwenye sanduku la bati,
sanduku hupewa rafu, na rafu ina kodi.
Asiyelipa, wake humwagwa katika shimo la wote.
Kufa kufaana. Karani akagonga muhuri.

Mama alikuja na divai ya kumwoshea.
"Si ile ya kupikia," akaniambia, "nimenunua tamu."
Alivaa viatu alivyomshonea Baba mwaka waliooana,
soli imebadilishwa mara nne,
na katika mfuko alikuwa na ngano ya kuchemsha, sukari, punje za komamanga,
na vijiko vitatu, kana kwamba tutakula naye.

Mchimbaji alikuwa kijana, waya umening'inia sikioni.
Akachimba. Akachimba tena, polepole.
Kisha akauchomoa waya,
akanitazama mimi, si Mama.

"Hajawa tayari."

Kama mkate. Kama suruali kwa fundi.
Mama akavuta pumzi: "Hata kanisani siku ya harusi alichelewa."

Akaeleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi:
pengine ni dawa za hospitali, pengine udongo umechoka,
umelishwa mno, hauna hamu.
"Na suti," akasema. "Hizi za nailoni hazioshi mtu, zinamfunga."

Suti niliinunua mimi.
Ilipunguzwa bei, dukani karibu na kituo cha treni,
nikashukuru kwamba haikunji, haihitaji pasi.
Juu ya kaburi wakakataza ua la plastiki,
chini yake mimi nimemvika baba yangu plastiki tupu
mpaka kwenye vifungo.

Atahamishwa upande wa ukutani, miaka miwili mingine.
Kuna ada ya kufukua, ada ya kufukia,
na ada ya kibali cha kulipa ada.
Nikampigia Anargiros huko Stutgati.
"Tungemchoma," akasema, "saa mbili, basi, kwisha."
Mama akanyang'anya simu: "Na padri je?
Majivu nani atayasomea?"
Kimya. Nikasikia mashine ya kufulia ya kaka yangu ikizunguka.
"Mama, nitalipa nusu."
"Sikukuuliza nusu."

Divai hatukuifungua.
Ngano tulimwachia mchimbaji, akala akiwa amesimama,
kwa kijiko cha Baba.

Usiku ule nilimkuta Mama mbele ya kabati, miwani puani,
akigeuza magauni yake ndani nje,
akisoma vile vitambaa vidogo vya shingoni, kimoja kimoja.
La kwenda ubatizo akalitupa. La bluu akalitupa.
Akabaki na la nyumbani, lenye doa la mafuta kiunoni.

"Hili ni pamba," akasema. "Mnizike nalo.
Sitaki kuwachelewesha."